Aliyelilia Wembe: Maisha ya Karl Elsener, Fundi wa Visu

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Tangu utotoni nimeisikia methali hii ikitumiwa kumtisha mtoto mkaidi: mwache auchukue, umkate, ajue mwenyewe. Lakini mwaka huu, mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alipotuagiza sisi wa kidato cha tatu tuandike kila mmoja maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani, methali hiyo ilinijia kwa njia nyingine kabisa. Wenzangu waliyawahi majina makubwa hata kabla sijafungua daftari. Mmoja alimnyakua Mekatilili wa Menza, mwingine akamchukua Ronald Ngala, wa tatu akatangaza kuwa Shaaban Robert ni wake na asimguse mtu. Mimi nilipomtaja fundi wa visu kutoka Uswisi, darasa zima liliangua kicheko. Ati visu! Wakaniuliza kama nataka kufungua bucha. Siku ile sikuwajibu kitu. Leo ndiyo nawajibu.

Kisa chenyewe kilianza kwa mjomba wangu. Yeye alifanya kazi miaka mingi katika hoteli moja kule Malindi. Mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia zawadi ya kisu kidogo chekundu cha kukunja, chenye alama ya msalaba mweupe ndani ya ngao. Kikifungwa, urefu wake ni kama kidole tu. Kikifunguliwa, jamani, kina wembe mkubwa na wembe mdogo, kina bisibisi, kifungua kopo, msharasi, na kizibuo kilichojisokota kama mkia wa kinyonga. Mjomba hukiweka kabatini pamoja na vyeti vyake. Nilipokishika mara ya kwanza, wingi wa vyombo haukunishangaza sana. Kilichonishangaza ni mlio wake. Tak! Ukiufungua wembe, unakaa imara kama umepigiliwa msumari. Ukiufunga, ukikaribia mwisho unajivuta wenyewe kurudi nyumbani kwake. Nikajiuliza, humu ndani mna nini?

Kisu nilichokizoea mimi ni kotama. Babu yangu mzaa mama alikuwa mgema upande wa Kaloleni, na kotama yake alikuwa akiichomeka kiunoni kila asubuhi na jioni akipanda minazi. Kotama haikunjiki. Hufuliwa na fundi wa chuma, mara nyingi kwa springi kuukuu ya lori. Chuma hutiwa motoni hadi kiwe chekundu, hupigwa nyundo mpaka kipate umbo, kisha huzamishwa majini au kwenye oili ili kiwe kigumu. Fundi asiyejua kipimo hukifanya kigumu kupita kiasi, nacho huvunjika kama kigae. Kwa hiyo usidhani kazi ya kisu ni kazi ya mtu asiyesoma. Ina elimu yake. Na huyu Karl Elsener ninayetaka kukusimulia aliipata elimu hiyo, akaiongeza.

Karl Elsener alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1860. Baba yake, Balthasar, alikuwa fundi wa kofia, na mama yake aliitwa Victoria. Tafadhali lishike jina hilo la mama, tutalirudia. Sisi tukisikia Uswisi tunawaza mabenki, saa za bei ghali na chokoleti. Uswisi ya wakati ule haikuwa hivyo. Ilikuwa nchi ya milima isiyo na bahari, na jimbo la Schwyz alikofanyia kazi Elsener halikuwa na viwanda vya maana. Ardhi ilikuwa haba na kazi hakuna. Vijana walifunga mizigo yao wakaenda zao ng'ambo, wengi wao Marekani, na wengine hawakurudi tena.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu, niliweka kitabu chini kwanza. Kwani hiyo si Vitengeni? Sisi hatuna theluji, tuna ukame. Lakini vijana wetu nao hufunga mizigo. Wako walioteremka Kilifi na Malindi, wako walioko Mombasa, na siku hizi wako waliovuka bahari hadi Saudi Arabia na Qatar. Binamu yangu ni mmoja wao. Mimi mwenyewe nimekwisha kuambiwa mara nyingi kwamba nikimaliza kidato cha nne njia yangu ni ya basi la Mombasa. Basi nikataka sana kujua huyu bwana alifanya nini, yeye aliyebaki.

Elsener hakurithi kofia za baba yake. Yeye alililia wembe. Alikwenda kujifunza ufundi wa visu katika mji wa Zug, na alipohitimu hakujiona amefika. Wakati huo ilikuwa desturi fundi kijana asafiri, afanye kazi kwa mabwana mbalimbali na kuchukua kwa kila mmoja ujuzi wake. Naye alifanya kazi Paris, mji mkuu wa Ufaransa, kisha Tuttlingen, mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na vyombo vya madaktari wa upasuaji. Unaona? Na yeye aliondoka kwao. Tofauti ni kwamba alikwenda kuchota akarudi na mtungi umejaa.

Mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, alifungua karakana yake Ibach, kijiji kilicho karibu na mji wa Schwyz. Umeme haukuwapo pale. Kulikuwa na kijito kiitwacho Tobelbach, na maji ya kijito hicho yalizungusha gurudumu lililoendesha mashine zake za kunolea na kusugulia. Alitengeneza visu vya jikoni, nyembe za kunyolea na vifaa vya upasuaji. Mama yake Victoria alisimama naye bega kwa bega tangu siku za kwanza. Nani kama mama?

Sasa tuje kwenye habari yenyewe. Miaka ile jeshi la Uswisi lilikuwa limepata bunduki mpya ya mwaka 1889. Bunduki hiyo ikitaka kufunguliwa isafishwe, yahitaji bisibisi. Tena askari walikuwa wameanza kupewa chakula cha makopo, na kopo halifunguki kwa meno. Jeshi likaona ni afadhali kila askari awe na kisu kimoja cha kukunja chenye wembe, bisibisi, kifungua kopo na msharasi wa kutobolea. Wazo zuri. Lakini hapakuwa na kiwanda Uswisi kilichoweza kutoa visu vingi namna hiyo. Visu 15,000 vya kwanza viliagizwa Ujerumani, katika mji wa Solingen, mji uliokuwa na jina kubwa la visu tangu enzi za mapanga ya vita.

Elsener jambo hili lilimkera. Yaani askari wa Uswisi alinde Uswisi kwa kisu cha kununuliwa kwa jirani, na huku mafundi wa Uswisi wanapanda meli kutafuta kazi! Alijua kwamba mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Mwaka 1891 aliwakusanya mafundi wa visu wa nchi yake wakaunda chama, wagawane kazi ambayo mtu mmoja hawezi kuimaliza. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo walipeleka jeshini visu vyao vya kwanza, vyenye mipini ya mbao nyeusi.

Ungedhani hapo ngoma imekwisha. Wapi! Ndipo matatizo yalipoanza. Viwanda vya Solingen vilikuwa na mashine kubwa, vikatoa visu kwa bei ya chini. Mafundi wenzake, waliokuwa wakitumia mikono na nyundo, walipiga hesabu wakaona hasara tupu, wakajitoa mmoja baada ya mwingine mpaka Elsener akabaki peke yake. Aliendelea kutengeneza, na kila alichokiuza kilizidi kumla. Mali yake yote iliteketea. Alifikia ukingo wa kufilisika. Lililomwokoa ni jamaa zake, waliomwinua kwa fedha zao. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Hapa ndipo ninapompendea huyu mzee. Mtu mwingine angefunga karakana, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alikaa akakitazama upya kile kisu cha askari. Akaona ni kizito na kinene, kinafaa kazi ngumu lakini hakimpendezi mtu kukitia mfukoni. Akaanza kuwaza kisu chepesi zaidi, chenye sura nzuri na vyombo vingi zaidi.

Nitakueleza ugumu ulikuwa wapi, maana mimi mwenyewe nilichukua wiki nzima kuuelewa. Kisu cha kukunja si kitu kipya duniani. Hata Warumi wa kale walikuwa navyo. Siri ya kisu cha kukunja cha namna hii iko mgongoni, ambako hukaa ukanda wa chuma cha springi. Kisigino cha wembe huukanyaga ukanda huo. Ukiuzungusha wembe, kisigino huusukuma ukanda juu, na wembe ukifika mahali pake ukanda hushuka, hukaa sawasawa na kisigino, na hukikandamiza. Ndio ule mlio wa tak! Wembe haufunguki ovyo mfukoni wala haulegei mkononi. Lakini sasa, kama mgongo mzima umeshikwa na springi, utaweka wapi vyombo vya mgongoni? Ukiongeza springi nyingine kwa kila chombo, kisu kitanenepa kama muhogo.

Elsener alipata njia ya kuifanya springi moja itumikie pande mbili. Vyombo vya tumboni huikanyaga kwa upande mmoja, na vyombo vya mgongoni huikanyaga kwa upande wa pili. Fikiria mzegazega wa mchota maji: mti mmoja begani, ndoo mbele na ndoo nyuma. Mbebaji hahitaji mabega mawili. Hivyo ndivyo kwa springi mbili tu alivyoweza kupachika vyombo sita. Ule mgongo uliokuwa ukikaa bure ukapata kizibuo, na tumboni akaongeza wembe wa pili mdogo. Tarehe 12 Juni 1897 kisu hicho kilisajiliwa rasmi kama kisu cha maafisa na wanamichezo. Kwa kukupa picha ya wakati ule, mwaka huo reli ya kutoka Mombasa ilikuwa bado haijafika Nairobi. Ilifika huko mwaka 1899.

Jeshi halikuwagawia maafisa kisu hicho. Kilichotokea ni kwamba maafisa walikwenda madukani wakakinunua kwa fedha zao wenyewe. Raia nao wakakipenda. Karakana ya kijitoni ikapata pumzi, na mwaka hata mwaka vijana wa Ibach na Schwyz walipata mahali pa kufanya kazi bila ya kupanda meli. Kuanzia mwaka 1908 kazi ya visu vya jeshi iligawanywa nusu kwa nusu kati ya Elsener na kampuni ya Wenger, iliyokuwa upande wa Waswisi wanaosema Kifaransa. Elsener alikuwa upande wa wanaosema Kijerumani, na serikali haikutaka upande mmoja unung'unike.

Mwaka 1909 mama yake, Bi. Victoria, alifariki dunia. Mwanawe hakumjengea sanamu. Alichukua jina lake akaliandika kwenye visu, likawa ndilo jina la bidhaa zake: Victoria. Mwaka huo huo alianza kutumia na ile alama ya msalaba ndani ya ngao, ili mnunuzi akitambue kisu cha kweli na asiuziwe cha kuigwa. Mama aliyemsaidia kijana wa miaka ishirini na mitatu akawa anatembea mifukoni mwa watu wa dunia nzima.

Karl Elsener aliaga dunia tarehe 26 Desemba 1918, siku moja baada ya Krismasi, wiki chache tu tangu Vita Vikuu vya Kwanza kumalizika. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane. Huku kwetu ilikuwa imepita miaka minne tangu Wagiriama walipopambana na Waingereza mwaka 1914 na Kaya Fungo kuripuliwa kwa baruti.

Wanawe waliishika kazi isianguke. Mwaka 1921 walianza kutumia chuma kisichoshika kutu, ambacho kwa Kifaransa huitwa kwa kifupi inox. Wakaunganisha jina la bibi yao na jina la chuma, likapatikana Victorinox, jina linalosomeka hadi leo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili askari wa Marekani walivinunua kwa wingi wakaenda navyo kwao, na sifa ikaenea. Visu hivyo vimefika hata angani pamoja na wanaanga, na kimoja kimewekwa katika jumba la sanaa za kisasa mjini New York. Wenger nayo, yule mshindani wa nusu kwa nusu, ilinunuliwa na Victorinox mwaka 2005.

Nisikudanganye kwamba Elsener alimaliza kila kitu. Kisu chake cha springi hakikuwa na kufuli. Ukikisukuma vibaya huweza kukufungia vidole. Mafundi wengine waliendelea pale alipoishia. Kampuni ya Opinel ya Ufaransa, ambayo mwanzilishi wake Joseph Opinel alianza kisu chake cha mpini wa mbao mwaka 1890, ilikiwekea pete ya kufungia mwaka 1955. Unaizungusha pete, na wembe haurudi mpaka uizungushe tena. Miaka iliyofuata vikaja visu vya kufunguliwa kwa kidole gumba cha mkono mmoja, na kufuli za namna nyingi. Ufundi ni kama maji ya mzegazega: mmoja hufikisha hapa, mwingine hupokea.

Liko jambo moja la hivi karibuni ambalo ni lazima niliseme kabla sijamaliza. Baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001 huko Marekani, visu vilipigwa marufuku ndani ya ndege, na maduka ya viwanja vya ndege yakaacha kuviuza. Mauzo ya kampuni yalianguka ghafla. Wengi wangefukuza wafanyakazi siku ya pili. Wajukuu wa Elsener hawakumfukuza mtu kwa sababu hiyo. Wengine waliwaazima kwa kampuni jirani mpaka hali ikatulia. Nikakumbuka jinsi jamaa walivyomwokoa mzee wao asifilisike. Naona familia hiyo haikusahau.

Sasa turudi Vitengeni. Likizo ya Aprili niliamua kujaribu. Nilichukua kipande cha msumeno wa chuma uliovunjika, nikaunoa juu ya jiwe siku mbili, nikatoboa tundu kwa taabu, nikaupachika katika mpini wa mti kwa msumari. Kisu kikakunjika! Nilifurahi kama mwendawazimu. Lakini springi sikuwa nayo, na wembe ulikuwa ukining'inia kama ulimi wa mbwa aliyechoka. Siku ya tatu ulijifunga ukanikata kidole cha shahada. Alama ninayo. Mama alinifunga kitambaa bila kusema neno, lakini nilijua anaiwaza ile methali ya wembe.

Kidole kilipopona nilikipeleka kisu changu kwa fundi wa chuma sokoni, mzee anayetengeneza majembe, mapanga na kotama. Alikigeuza geuza akacheka, kisha akanipa kibanzi cha springi ya lori, akanionyesha namna ya kukichoma taratibu mpaka kirudishe unyumbufu wake. Nimekwenda kwake Jumamosi nyingi tangu siku ile. Kisu changu bado kinalegea kidogo na hakitoi mlio kama cha mjomba. Lakini hakining'inii tena. Na mzee huyo aliniambia jambo lililonikaa moyoni: kwamba kwa miaka mingi hajapata kijana hata mmoja aliyemwomba amfundishe. Siku atakapofumba macho, nyundo yake haina mrithi.

Wasomaji wenzangu, simaanishi kwamba sote tuache masomo tukafue chuma. Elsener mwenyewe asingefika popote bila ya kwenda kujifunza. Ninachosema ni kwamba tumezoeshwa kuamini kuwa aliyeelimika ni aliyeondoka, na aliyebaki ni aliyeshindwa. Elsener alibaki kijijini, kando ya kijito, akabaki na vijana wa kwao. Kiwanda chake kiko Ibach hadi leo.

Mimi bado sijui kama mwisho wangu ni basi la Mombasa. Huenda nikalipanda, nikajifunze kama yeye alivyojifunza Paris na Tuttlingen. Lakini nikilipanda nitakata tiketi ya kwenda na kurudi. Na nyinyi mlionicheka darasani, mkitaka kunolewa visu vya mama zenu, nipo kwa fundi kila Jumamosi. Sitawacheka.